Amarone na mkia wa ng'ombe: maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja. Msimu umekwisha. Waitaliano wamefunga nyumba zao kuanzia Casuarina hadi Mayungu, wamerudi kwao kabla ya masika, na kama ilivyo desturi yao wamegawa vilivyobaki kabatini: mafuta ya zeituni nusu chupa, tambi, mikebe ya nyanya, na mvinyo, hasa ule mwekundu uitwao Amarone. Tumeishi nao tangu enzi za San Marco, walipoirusha setilaiti yao kutoka lile jukwaa la baharini kule Ngomeni mwaka 1967, na bado mvinyo wao unatutatiza: tuunywe vipi, na chakula gani? Mafuta kila mtu anajua atayafanyia nini.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mpishi. Nimepikia familia za Kiitalia hapa Malindi tangu usichana wangu, sasa nina mkahawa wangu mdogo huku Barani, na nikiulizwa nasema ninavyoona. Yanayofuata ni ya watu waliotimiza miaka 18. Aliyekatazwa na dini au na daktari aruke moja kwa moja hadi barua ya tatu.

*

Shikamoo Mama. Mimi ni mlinzi wa nyumba upande wa Silversands. Mwajiri wangu ameniachia chupa ya Amarone, haijafunguliwa, imeandikwa 16% vol. Amesema ni ya bei, nisiiuze, niinywe na watu wangu siku ya maana. Siku yenyewe ni Jumapili ijayo, baba mkwe anakuja kutoka Kakuyuni. Mke wangu ameshapanga kamba wa nazi, wali na kachumbari yenye pilipili. Vitapatana?
– Mlinzi, Silversands

Marahaba, mwanangu. Havitapatana. Kamba wa nazi ni chakula kizuri na chupa yako ni nzuri, ila usiviweke meza moja.

Ujue kwanza umepewa nini. Amarone inatoka Valpolicella, vilima vilivyo kaskazini ya mji wa Verona. Zabibu yake kubwa ni Corvina, ikisaidiwa na Corvinone na Rondinella. Wakishachuma, Septemba kuingia Oktoba, hawakamui. Huchagua vichala vizima visivyobanana, wakavilaza kwenye vichanja katika ghala za ghorofani zenye upepo. Zamani vichanja hivyo vilikuwa vya mianzi na matete, vilevile walivyofugia viwavi wa hariri. Zabibu hulala hapo miezi mitatu, minne, na kanuni yao hairuhusu kukamua kabla ya tarehe 1 Desemba. Maji yanatoka, uzito unapungua kwa theluthi na zaidi, sukari inabaki. Kisha chachu huila sukari hiyo polepole katika baridi ya Januari na kuigeuza kileo. Ndiyo sababu yako ina 16 wakati nyekundu ya kawaida ina 12 au 13. Isiyofika 14 haina ruhusa ya kuitwa Amarone. Baada ya hapo hutunzwa miaka isiyopungua 2, au 4 kama chupa imeandikwa Riserva. Sasa unaona bei inatoka wapi: zabibu nyingi, mvinyo kidogo, na kungoja kwingi. Angalia pia shingo ya chupa, utaona utepe mwembamba wa karatasi wenye herufi DOCG na namba. Hilo ni daraja la juu kabisa katika sheria ya mvinyo ya Italia, na Amarone ililipata mwaka 2010.

Mdomoni utasikia cheri iliyoiva mno, zabibu kavu, tini, kitu kama kakao isiyo sukari. Ni mvinyo mzito. Na una ukakasi, ule wa bibo la korosho: ulimi unakauka, fizi zinakaza. Ukakasi huo unatafuta mafuta na nyama wa kushikana nao. Usipovipata unashika ulimi wako.

Kamba hawana cha kuupa. Mvinyo mwekundu una madini ya chuma, na yakikutana na mafuta ya samaki au kamba, mdomoni linatoka shombo. Kamba wako wametoka bahari ya Mayungu alfajiri, baba mkwe atadhani wamelala sokoni siku mbili. Tui lenye utamu litaufanya mvinyo uonekane mchungu. Pilipili nayo juu ya kileo cha 16 ni moto juu ya moto. Kamba wapikeni Jumamosi, mle na madafu.

Jumapili pika mkia wa ng'ombe na sima. Najua umetarajia niseme tambi. Watu wa Verona wenyewe, nyama ya kupikwa polepole huila na polenta, na polenta ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji na chumvi. Wa kwao ni wa manjano na umesagwa kwa chengachenga, lakini mwiko wa kusongea ni uleule. Wana chakula chao kinaitwa pastissada: nyama ya farasi, usishtuke, inalazwa kwenye mvinyo pamoja na karafuu, mdalasini na kungumanga, kisha inapikwa hadi inajiachia. Farasi hatuli, viungo tunavyo.

Nenda buchani Jumamosi asubuhi, kilo 2 zinatosha watu sita. Mwambie akukatie kwenye maungio kwa kisu. Akianza kutwanga kwa shoka atakutilia vipande vya mfupa kwenye mchuzi na utatumia siku nzima kuvitema. Osha, kausha kwa kitambaa, paka chumvi, ulaze kwenye friji bila kufunika. Nyama yenye maji haikaangiki, inachemka tu.

Jumapili mapema, sufuria nzito, mafuta kiasi cha kufunika sehemu ya chini. Panga vipande vichache vichache vikiwa na nafasi, na uviache. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanageuzageuza kama chapati. Kiache kipande mpaka chenyewe kijibandue, kikiwa na rangi ya kahawa iliyokolea, ndipo ugeuze. Shughuli hii peke yake inachukua nusu saa. Kitoe. Katika mafuta yaleyale tia vitunguu vitatu vilivyokatwa vidogo, karoti mbili, na seleri kama umeipata. Punguza mkaa. Vitunguu vinataka dakika 20 hadi vilegee na kuwa vya dhahabu, na vile vilivyogandia chini ya sufuria vitabanduka vyenyewe. Tia saumu, kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, kaanga hadi nyanya ibadilike rangi. Sasa glasi mbili za waini nyekundu ya bei rahisi. Ya bei rahisi! Amarone ikipikwa saa tatu hakuna atakayeijua. Iache ichemke hadi ibaki nusu, rudisha nyama, tia karafuu tatu, kijiti kimoja cha mdalasini, pilipili manga, na maji moto yafike katikati ya nyama. Funika, mkaa mdogo, saa tatu na nusu. Usitie bizari ya mchuzi, usitie dania, usitie pilipili. Mwishoni engua mafuta yanayoelea, lakini acha kiasi, maana hayo ndiyo yatakayoupoza ule ukakasi.

Sima isonge laini kidogo kuliko ya kila siku, na kijiko cha siagi mwishoni. Mboga iwe mchicha wa kukaanga na saumu. Mchunga naupenda sana na baba mkwe bila shaka anaupenda, lakini uchungu wake ukikutana na wa Amarone ni uchungu mara mbili.

Kuhusu chupa: saa moja na nusu kabla ya kula, mimina taratibu kwenye jagi la kioo lisilo na harufu ya juisi. Ukiona mashapo yanakaribia mdomo wa chupa, acha, hayo ni ya kubaki. Jagi likae mezani saa moja lipate hewa, kisha friji nusu saa. Utasikia watu wakisema mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba wanachokisema ni cha mawe, cha Verona, nyuzi 16 hadi 18. Sebule yako mwezi huu ina 30. Amarone ya nyuzi 30 inanuka spiriti.

Mtilie baba mkwe kwanza, kidogo.

*

Mambo Mama! Sisi vijana wa Maweni tunachanganya waini nyekundu na Coke na barafu. Mzee mmoja Mwitaliano alituona akashika kichwa. Tumekosea nini?
– Vijana wa Maweni

Hamjakosea kitu. Kule Uhispania, kwa Wabaski, hicho ni kinywaji kinachojulikana, kina na jina lake, kalimotxo, nusu kwa nusu. Na huyo mzee muulizeni kuhusu spritz ya kwao ina nini ndani kama si mvinyo, soda na barafu. Ila hayo ni ya waini ya pakiti. Amarone wamekaa miezi mitatu wakiitoa maji, nanyi mnataka kuyarudisha kwa barafu? Ikiwa moto, itieni friji. Na aliyekunywa asiendeshe bodaboda.

*

Assalaam aleikum Mama. Mimi ni mpishi katika nyumba moja Mambrui. Mimi ni Muislamu, sinywi wala sionji. Bi mkubwa wa nyumba ameniachia orodha: chupa za Amarone, Barolo na Primitivo di Manduria, niandae chakula cha kila moja wageni wakija mwezi wa saba. Nitalinganishaje kitu nisichokijua ladha yake? Na mwenzangu anasema waini ikishapikwa kileo chote kinaruka, ni kweli? Tena nataka kujua kama pilau inaingia humo.
– Mpishi, Mambrui

Waaleikum salaam, kaka. Nianze na mwenzako: si kweli. Wizara ya kilimo ya Marekani ina jedwali lake linalotumika sana. Chakula kilichochemshwa na kileo kwa dakika 15 hubaki na asilimia 40 hivi, saa moja 25, saa mbili na nusu bado kama 5. Kinapungua, hakiishi. Kama hicho kidogo kinakuhusu vipi, na kama kushika chupa na kumimina kunakuhusu, muulize sheikh wako. Hayo si ya mpishi wa Barani kuamua.

Ukitaka mchuzi wa aina hiyo usio na tone la mvinyo, nakupa ninaoupikia wateja wangu wa Kiislamu. Supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka hadi ikawa nzito, maji ya komamanga yasiyotiwa sukari, na ukwaju kidogo uliolowekwa na kuchujwa. Vikombe viwili vya supu kwa kimoja cha komamanga, ukwaju kijiko. Rangi inatoka ileile, uchachu upo. Umwambie tu bi mkubwa mapema.

Sasa kulinganisha. Mpishi hodari kuliko wote niliowahi kusimama naye jikoni alikuwa Muislamu wa hapahapa, na hakuonja kamwe. Alikuwa akiangalia kinachorudi. Sahani tupu na chupa ina nusu, maana yake chakula kimeushinda mvinyo. Chupa tupu na nyama imeachwa, kinyume chake. Alikuwa na daftari, anaandika jina la chupa upande huu na chakula upande huu, na alama ya msalaba au ya tiki. Baada ya misimu kadhaa wenye nyumba walikuwa wanamuuliza yeye.

Lebo nayo inasema mengi. Tazama kileo kwanza. Chini ya 13, mvinyo mwepesi, chakula chepesi. Kuanzia 14 na nusu unahitaji nyama yenye mafuta, au jibini kavu.

Amarone umeisoma hapo juu. Nikuongezee jibini: Parmigiano iliyokaa miezi 24 au 36, imemeguliwa vipande visivyo sawa kwa ncha ya kisu, hata usiipike. Ile chumvi yake na vile vipunje vinavyotafunika ndivyo vinavyoulainisha mvinyo. Kule kwao wana Monte Veronese iliyokomaa, sijaiona madukani Malindi. Nyama iwe mbuzi wa kuoka polepole, mkia, shingo ya ng'ombe, au ulimi.

Barolo itakudanganya kwa rangi. Ni hafifu, inaelekea rangi ya tofali, utadhani ni maji ya matunda. Zabibu yake ni Nebbiolo, ya vilima vya Langhe kule Piemonte, na ukakasi wake unaishinda Amarone. Kanuni inataka ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao, na hata hapo bado inakaza fizi. Hiyo ipe siagi. Tambi za mayai zilizokatwa nyembamba, siagi, jibini, na uyoga uliokaangwa mpaka ukakauka. Au nyama ya ng'ombe iliyookwa kwenye chungu kilichofunikwa. Nyanya ziwe kidogo sana.

Primitivo ni mtoto wa jua. Inatoka Puglia, kule kusini kwenye kisigino cha Italia, na wataalamu wamepima vinasaba wakakuta ni zabibu ileile Wamarekani wanayoiita Zinfandel. Ina utamu wa jamu na ukakasi mchache, kwa hivyo ndiyo itakayokuvumilia ukitaka kutia mkono wa pwani: mishkaki, soseji za kuchoma, mbuzi wa makaa. Kama kuna chupa moja unaweza kuhatarisha nayo, ni hiyo.

Pilau inaingia, tena kwa Amarone yenyewe. Pilau ya nyama yenye mafuta, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi karibu, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Punguza iliki na bizari ya pilau iwe nusu ya kawaida yako. Kachumbari weka bakuli la mbali, bila ndimu na bila pilipili, na mwenye kutaka ajipakulie kwa hiari yake. Biriani hapana. Ule mtindi, ndimu, nyanya na pilipili kwa pamoja ni vita. Biriani wape wageni na maji ya ukwaju yaliyopoa, na nina hakika hakuna atakayeulizia chupa.

*

Mama, mume wangu ni mnywaji wa mnazi tangu ujana. Amepewa waini ya hao watu, chupa moja, anasema ni kitu cha watoto, mnazi una nguvu zaidi kwa kuwa anakunywa lita nzima na hii ni chupa ndogo. Ananiudhi. Nipe jibu la kumwonyesha.
– Mama wa Muyeye

Mwonyeshe hesabu, dada. Chupa ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 16 ina mililita 120 za kileo kitupu. Mnazi una asilimia 5 hivi, ukizidi au ukipungua kulingana na saa ulizokaa tangu mgema ashuke. Lita moja ya mnazi basi ina mililita 50. Bwana akimaliza hiyo chupa peke yake ni sawa na kunywa karibu lita mbili na nusu za mnazi, tena kwa muda mfupi, kwa kuwa ni kidogo na inateleza.

Tofauti ya pili ataielewa mwenyewe. Mnazi ni wa siku yake, asubuhi mtamu, jioni mkali, kesho kutwa ni siki. Mnywaji wa mnazi amezoea kumaliza kilichopo. Amarone haiharibiki ukiiacha hadi kesho, hakuna sababu ya kuikimbiza. Glasi moja na chakula, basi. Kama ana dawa za presha au sukari, hata hiyo moja amuulize daktari.

Umeniuliza tena, pembeni ya barua, kama mnazi unafaa kupikia mahali pa waini nyekundu. Kwa mkia, hapana, hauna rangi wala ukakasi. Kwa kuku wa kienyeji au kwa changu, mnazi wa asubuhi unafaa sana, na watu wa kwetu Ganda walikuwa wakipikia kabla hatujamwona Mwitaliano.

*

Habari za kazi Mama. Mimi ni mhudumu katika hoteli ya ufuoni. Juzi mteja Mkenya kutoka Nairobi aliagiza Amarone na jodari wa kuchoma. Meneja aliniambia nyamaza, umpe, bei ni nzuri. Ningesema kitu? Pia kuna Mwitaliano alinusa chupa nyingine akairudisha akisema inanuka tappo. Mimi sikunusa kitu. Alikuwa anatuonea?
– Mhudumu, Malindi

Nzuri, baba. La pili lina majibu mafupi: huenda hakukuonea. Tappo ni kizibo kwa Kiitalia, na kizibo cha gome la mti huweza kuingia ukungu unaotengeneza harufu ya kadibodi iliyolowa, au ya chumba kilichofungwa masika mazima. Haidhuru mwili, inaua tu harufu ya tunda, mvinyo unakuwa bubu. Pua hazilingani, wengine wanaisikia ikiwa kidogo mno. Siku nyingine usibishane: mimina kidogo kwenye glasi nyingine, ikae dakika kumi, unuse tena ukilinganisha na chupa nzima ya aina hiyohiyo. Harufu hiyo haitoki kwa hewa, inazidi. Ukishaijua mara moja hutaisahau, na utakuwa na thamani kuliko meneja wako.

La jodari, ningesema, lakini ningesema kabla hajachagua. Akishachagua amechagua, pesa ni zake. Wakati anatazama orodha mwambie: bwana, kuna Valpolicella ya kawaida, zabibu zilezile za Amarone ila hazikukaushwa, nyepesi, tunaileta imepoa, inakwenda na jodari. Karibu kila hoteli yenye Amarone inayo. Hujamwambia amekosea, umempa kitu, na bei yake itamfanya arudi kesho. Kama anataka nguvu kidogo zaidi kuna Ripasso, ambayo ni Valpolicella iliyomiminwa juu ya makapi ya Amarone ikachachuka mara ya pili. Inakaa katikati.

Na kama ameng'ang'ania Amarone, jodari ndiye samaki mwenye nafuu kuliko wote kwa sababu nyama yake ina mwili. Mwambie mpishi akae mbali na ndimu, atie zeituni nyeusi na vitunguu vilivyolegezwa kwa mafuta, na katikati ya samaki pabaki pekundu. Kwa kambamawe usikubali kirahisi hivyo. Nimeona watu wakilipa pesa nyingi kwa kambamawe na Amarone pamoja wakaacha vyote viwili, na lawama ikaja jikoni.

Meneja wako ana haki ya kutaka mauzo. Mteja ambaye meza yake ilipatana hunywa chupa ya pili, hiyo hesabu mpigie.

*

Mama, nimepewa Amarone ya mwaka 2019. Mwanangu yuko gredi ya saba, nataka niitunze hadi amalize chuo. Nimeiweka juu ya kabati, chumbani, imesimama. Nyumba ni ya mabati. Nimesikia inakaa miaka ishirini.
– Baba wa Gongoni

Inakaa miaka ishirini kwenye handaki lenye nyuzi 13. Juu ya kabati chini ya bati, Gongoni, mwezi wa pili, hapo pana joto la kuivisha mayai. Mwanao hatafika gredi ya tisa kabla haijafa. Ishushe leo. Ilaze chali sakafuni kwenye saruji, chini ya kitanda, imefungwa kwa gazeti na gunia, mbali na jiko na mbali na jua. Ikilala, kizibo kinabaki na unyevu, hakinywei na kupitisha hewa. Hata hivyo nakushauri uinywe mwaka huu.

Kabla ya kuifungua pitisha kidole juu ya shingo. Kizibo kikiwa kimesukumwa juu ya mdomo wa chupa, au pana utando unaonata chini ya ile foili, joto limeshafika. Bado waweza kuonja, haitakuua, ila usimwalike mtu wa heshima siku hiyo. Ikiwa nzima, mchinje mbuzi, na isipokwisha rudisha kizibo, itie friji imesimama, uimalize ndani ya siku tatu nne.